Jinsi ya kupakia picha za serikali Wikipedia bila kufutiwa

Picha yangu ya kwanza kupakia Wikimedia Commons ilidumu wiki moja tu. Ilikuwa picha rasmi ya waziri mmoja, nimeichomoa kwenye tovuti ya wizara yake, kali kabisa, bendera nyuma, tai imenyooka, na mimi kwa akili zangu nikasema hii ni ya serikali, serikali ni ya wananchi, basi picha ni yetu sote. Kwenye sehemu ya mtunzi nikaandika "Serikali". Kwenye leseni nikachagua ya kwanza niliyoona ina neno serikali ndani yake, nikaenda zangu kulala. Kumbe ile leseni ni ya serikali ya shirikisho ya Marekani, na waziri wangu wala si wa huko. Ikabandikwa alama, siku saba zikapita, ikafutwa, makala ikabaki na tundu pale juu kulia.

Tangu hapo nimepakia nyingi tu na nimesaidia wengine wengi, na karibu kila mtu anachemsha palepale nilipochemsha mimi. Watu wanauliza "hii picha ni ya serikali?" wakati hilo swali halikusaidii kitu. Swali ni nani alibonyeza kamera, wakati anabonyeza alikuwa anamfanyia kazi nani, na sheria ya nchi ipi inaihusu kazi yake. Ukiwa na majibu ya hayo, kupakia kwenyewe ni dakika tano. Usipokuwa nayo unabahatisha.

Jua kwanza picha inaenda kukaa wapi

Picha nyingi unazoziona Wikipedia hazikai Wikipedia yenyewe, zinakaa Wikimedia Commons, ghala la picha lililoanza 2004 ambalo Wikipedia za lugha zote zinachota humo. Ukipakia picha moja Commons, Mswahili anaitumia, Mjapani anaitumia, mwalimu anaiweka kwenye kitabu, na mwenye kiwanda cha fulana naye ana haki ya kuichapa na kuuza. Hilo la mwisho ndo linalowashinda watu. Commons wanataka picha ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kwa kazi yoyote, ikiwemo biashara, na kuibadilisha apendavyo. Kwa hiyo maneno kama "inaruhusiwa kwa elimu tu", "kwa vyombo vya habari tu", "sio kwa biashara", "usibadilishe", yote hayo Commons hayapiti, hata kama nia yako ni njema namna gani, hata kama Wikipedia yenyewe haiuzi kitu.

Na kuna sheria ya pili ambayo wengi hawaijui mpaka wapigwe chini: picha lazima iwe huru kwenye nchi ilikotoka NA iwe huru Marekani, kwa sababu taasisi inayoendesha hizi tovuti iko chini ya sheria za Marekani. Nchi mbili, sio moja. Weka hilo kichwani, tutalirudia kwenye hesabu ya miaka.

Hatua ya 1: mtafute mpiga picha

Picha kuwa kwenye tovuti ya serikali haina maana serikali ndo mwenye picha. Ofisi za serikali zinanunua picha, zinaazima, zinatumiwa na mashirika ya habari, na saa nyingine (tuseme ukweli) mtu wa mawasiliano kaingia kwenye mtandao kakopi na kupesti kama mimi na wewe tu. Kwa hiyo usiishie kwenye picha, soma maandishi yaliyo chini yake. Ukikuta jina la mtu pamoja na cheo chake serikalini, hapo kuna matumaini. Ukikuta jina la shirika la habari, achana nayo, hata kama rais mwenyewe ndo kaiposti. Ukikuta "kwa hisani ya", simama kabisa, manake hapo ofisi yenyewe inakwambia kwamba picha sio yake.

Mfano mzuri ni DVIDS, ile tovuti ya jeshi la Marekani yenye maelfu kwa maelfu ya picha. Nyingi kweli zimepigwa na wanajeshi wakiwa kazini na hazina hakimiliki, lakini katikati yake zimo zilizoandikwa "courtesy photo", yaani picha kwa hisani ya mtu mwingine, na hizo zinaweza kuwa za familia ya askari, za kampuni iliyotengeneza silaha, au za jeshi la nchi nyingine kabisa. Ziko ukurasa mmoja na zile huru, zina muonekano uleule, na ndo zinazoingiza watu mkenge.

Vilevile matangazo ya FBI ya wanaotafutwa au waliopotea. FBI ni serikali ya shirikisho, sawa, ila picha ya mtu aliyepotea mara nyingi imetolewa na mama yake au imetoka kwenye sherehe ya kuhitimu. FBI kuibandika kwenye tangazo lake hakuifanyi iwe kazi ya FBI.

Kama maelezo hayasemi kitu, daunlodi picha yenyewe yenye ukubwa kamili ufungue data za EXIF, yale maandishi yanayojificha ndani ya faili. Mara nyingi kuna jina la mpiga picha, kamera, tarehe, na wakati mwingine mstari wa hakimiliki umekaa humo kimya kimya unakungoja. Halafu itafute picha hiyohiyo kwa utafutaji wa picha wa kinyumenyume. Ukikuta ilishatoka kwenye gazeti miezi mitatu kabla haijafika kwenye tovuti ya wizara, umepata jibu lako.

Na angalia tarehe na cheo. Mbunge au rais anaweza kuwa na picha nzuri sana iliyopigwa wakati wa kampeni, na ofisi yake ikaendelea kuitumia baada ya kuapishwa. Kampeni sio serikali. Aliyeipiga alilipwa na chama au na mgombea, kwa hiyo haki ziko huko.

Hatua ya 2: serikali ya nani?

Hapa ndo pana kazi, tulia kidogo.

Hakuna sheria ya dunia inayosema kazi za serikali ni huru. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao ndo mama wa hizi sheria za hakimiliki, umeiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu maandishi rasmi kama sheria na hukumu za mahakama. Nchi nyingi zikaamua sheria na hukumu ziwe huru, basi, zikaishia hapo. Kwa hiyo ukisoma sehemu kwamba nchi fulani "hailindi kazi rasmi", usikimbilie kupakia picha. Ujerumani kwa mfano, kifungu cha 5 cha sheria yao ya hakimiliki kinaziacha huru sheria, kanuni, hukumu na vitu vya aina hiyo, lakini picha ya waziri iliyowekwa kwenye tovuti ya wizara ina mpiga picha wake na hakimiliki yake kama kawaida. Maandishi ya sheria kitu kimoja, picha kitu kingine, naomba hilo lisikupite.

Marekani ndo nchi iliyowazoesha watu vibaya. Kifungu cha 105 cha sheria yao ya hakimiliki kinasema kazi iliyofanywa na afisa au mwajiriwa wa serikali ya shirikisho kama sehemu ya majukumu yake hailindwi na hakimiliki. Ndo maana picha ya dunia ikichomoza juu ya mwezi, aliyoipiga William Anders ndani ya Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968, unaikuta kila mahali, na ile ya mama mhamiaji na watoto wake aliyoipiga Dorothea Lange 1936 akiwa ameajiriwa na serikali ya shirikisho nayo hivyohivyo. Watu wakizoea hizo wanadhani dunia nzima iko hivyo. Haiko hivyo, na hata Marekani kwenyewe haiko hivyo ukichungulia vizuri:

Kwanza ni serikali ya shirikisho TU. Gavana, meya, polisi wa jimbo, chuo cha jimbo, hao kifungu cha 105 hakiwahusu. California na Florida wana sheria zao zinazofanya kazi nyingi za majimbo hayo kuwa huru, ila usichukulie kwamba jimbo la jirani nalo liko hivyo. Kwa hiyo picha ya mtuhumiwa iliyopigwa kituo cha polisi cha jimbo sio sawa na iliyopigwa na FBI, hata kama ukuta wa nyuma unafanana.

Pili ni mwajiriwa. Mkandarasi sio mwajiriwa. Kampuni iliyopewa tenda inaweza kubaki na haki zake, na serikali inaweza pia kumiliki hakimiliki iliyohamishiwa kwake na mtu mwingine, sheria inaruhusu.

Tatu ni shirika la posta. Stempu za Marekani za kuanzia 1978 zina hakimiliki, zile za zamani ndo huru. Watu wanapakia stempu za juzijuzi kila siku na kila siku zinafutwa.

Kwa NASA, shirika la anga la Marekani, picha zao kwa kawaida hazina hakimiliki, lakini soma mstari wa shukrani neno kwa neno. Ukiona jina la NASA liko pamoja na ESA, yaani shirika la anga la Ulaya, usijaze leseni ya NASA kwa mazoea. Picha za darubini ya Hubble kwenye tovuti ya ESA ziko chini ya CC BY 4.0, leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kutumia ili mradi ataje mwenye picha, hizo zinapakiwa ila kwa leseni hiyo na kwa kutaja majina. Picha nyingine za ESA hazina uhuru huo. Inategemea na picha.

Haya, tutoke Marekani. Uingereza kuna kitu kinaitwa hakimiliki ya Taji. Kazi za serikali zilizochapishwa zinalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka zilipochapishwa, na kwa picha zilizopigwa kabla ya tarehe 1 Juni 1957 miaka 50 inahesabiwa tangu zilipopigwa, kwa hiyo hizo za zamani zote zimeshafunguka. Za siku hizi zinategemea leseni: tovuti nyingi za serikali ya Uingereza zinatumia Open Government Licence, iliyoanza 2010 na toleo lake la tatu likatoka 2014, na Commons inaikubali. Ila leseni hiyo yenyewe inasema haihusu nembo za idara, alama za jeshi, nembo ya kifalme, vitambulisho, wala kitu cha mtu mwingine kilichomo humo ndani. Kanada nayo ni miaka 50. India ni 60. Kenya, kwa sheria yao ya 2001, kazi ya serikali inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa hiyo picha ya ikulu ya mwaka jana haiko huru eti kwa sababu tu ni ya ikulu.

Kwa nchi ambayo sijaitaja, Commons wenyewe wana kurasa za sheria za hakimiliki nchi kwa nchi. Andika kwenye kisanduku cha kutafuta COM: halafu jina la nchi kwa Kiingereza, utaona muda wa ulinzi, kama kazi za serikali zina msamaha, na vigezo gani vya leseni vya kutumia (kigezo ni maandishi tayari unayobandika kwenye ukurasa wa faili). Soma ukurasa mzima, usisome jedwali la juu tu ukakimbia.

Hatua ya 3: soma masharti ya tovuti, yale ya chini kabisa

Hata kama sheria ya nchi haikusaidii, ofisi yenyewe inaweza kuwa imetoa picha zake kwa leseni huria. Hii ndo njia iliyoniokoa mara nyingi kuliko sheria. Agência Brasil, shirika la habari la serikali ya Brazili, wanatoa picha zao kwa CC BY. Tovuti ya rais wa Urusi, kremlin.ru, CC BY 4.0. Tume ya Ulaya nayo iliamua 2019 kwamba vitu vyake vitatoka kwa CC BY 4.0, isipokuwa pale walipoandika vinginevyo au kitu ni cha mtu wa nje. Umoja wa Mataifa je? Hapana, picha zake kwa kawaida zina hakimiliki na sio huru, na hili linawashangaza watu kweli kweli.

Shuka mpaka chini ya ukurasa utafute "masharti ya matumizi" au "hakimiliki". Zinazofaa ni CC0 (haina masharti), CC BY (taja mwenye picha) na CC BY-SA (taja mwenye picha, na ukibadilisha utoe kwa leseni hiyohiyo). Zisizofaa ni zozote zenye NC (sio kwa biashara) au ND (usibadilishe). "Haki zote zimehifadhiwa" inaeleweka. Na "unaweza kutumia picha hizi bure kwa kutaja chanzo"? Hapo penye mtihani. Bure sio huru. Kama hawajasema lolote kuhusu kubadilisha na kuhusu biashara, Commons wanalichukulia shaka kama hapana, na mzigo wa ushahidi ni wako wewe uliyepakia, sio wa anayetaka kufuta.

Flickr nayo ina vituko vyake. Ofisi nyingi za serikali zina akaunti huko, na leseni iko pembeni ya kila picha, lakini leseni ya albamu moja inaweza kutofautiana na ya jirani yake, na kuna alama ya "kazi ya serikali ya Marekani" ambayo peke yake haithibitishi kwamba picha kweli ni ya serikali hiyo. Nimeshaona ofisi ya nchi nyingine kabisa wameichagua, nadhani mtu wao aliona neno serikali akabofya kama nilivyofanya mimi.

Ukishapata leseni, ihifadhi. Nenda Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, uingize linki ya ukurasa wa picha na ya ukurasa wa masharti, vyote viwili. Tovuti za serikali zinabadilishwa kila uongozi ukibadilika, na miaka minne baadaye mtu akija kuuliza "leseni iko wapi?" unampa nakala yenye tarehe. Leseni za Creative Commons haziwezi kuchukuliwa tena kwa kilichokwisha kutolewa, lakini lazima uweze kuonyesha kwamba kweli kilitolewa.

Hatua ya 4: angalia ndani ya picha kuna nini

Mpiga picha ni mwajiriwa halali, serikali ni ile inayofaa, leseni safi. Halafu picha yenyewe ni ya sanamu. Au ya mchoro wa ukutani. Au ya bango. Hapo kuna hakimiliki mbili, ya aliyepiga picha na ya aliyechonga, na ya pili haifutiki kwa sababu ya kwanza ni huru.

Serikali ya Marekani yenyewe ilishaingia humo. Washington kuna mnara wa kumbukumbu ya vita vya Korea, una sanamu za askari zilizochongwa na Frank Gaylord, ambaye hakuwa mwajiriwa wa serikali. 2003 posta wakatoa stempu yenye picha ya hizo sanamu zikiwa kwenye theluji, ruhusa ya picha walichukua kwa aliyeipiga, ya mchongaji hawakuchukua. Gaylord akaenda mahakamani, na 2010 mahakama ya rufaa ikasema stempu ile haikuwa matumizi ya haki (fair use), yaani yale ambayo sheria inaruhusu bila kumwomba mwenye kazi. Kama serikali yenye mawakili wote wale iliteleza, wewe na mimi ni nani.

Nchi nyingine zina ruhusa ya kupiga picha vitu vilivyowekwa hadharani moja kwa moja na nyingine hazina, na huko Marekani ruhusa hiyo ni ya majengo, sio ya sanamu. Picha ya kuchorwa ya rais iliyotundikwa ikulu nayo ina mchoraji wake. Noti na sarafu zina sheria zake kila nchi, usipakie bila kusoma. Nembo na bendera tusianze hapa, hiyo ni habari ndefu, ila kwa ufupi: muundo ulioelezwa kwa maneno kwenye sheria unaweza kuchorwa upya na mtu mwingine, lakini mchoro uliochomoa kwenye tovuti rasmi ni wa aliyeuchora.

Hatua ya 5: kwa picha za zamani, piga hesabu mara mbili

Nilisema nchi mbili. Basi tuseme picha ilichapishwa 1950 kwenye nchi ambayo ulinzi ni miaka 50. Kwao iliisha mwisho wa 2000. Unashangilia. Lakini Marekani walirudisha hakimiliki za kazi za nje ambazo tarehe 1 Januari 1996 zilikuwa bado zinalindwa kwao, na hii ilikuwa bado. Kwa hiyo Marekani inahesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa, yaani mpaka mwisho wa 2045. Kwao huru, Marekani bado, Commons haipiti. Sasa picha kama hiyo iliyochapishwa 1940 iliisha kwao mwisho wa 1990, kabla ya 1996, hivyo haikurudishwa, hiyo kwa kawaida unapakia na unaweka vigezo viwili, kimoja cha nchi yake na kimoja cha Marekani. Kuacha hicho cha pili ni kosa dogo linalosababisha usumbufu mkubwa.

Hakimiliki ya Taji ya Uingereza hapa ni rahisi zaidi, kwa sababu serikali yenyewe ilishasema ikiisha kwao imeisha dunia nzima.

Hatua ya 6: ikishindikana, omba

Waandikie. Kweli, waandikie, ofisi nyingi zinafurahi mtu akitaka picha ya bosi wao ionekane vizuri. Shida ni kwamba zinajibu vibaya. Watakwambia "tunaruhusu Wikipedia kutumia picha hii" na wewe utafurahi bure, manake ruhusa ya Wikipedia peke yake Commons hawaipokei, lazima iwe ya kila mtu. Mimi nilizungushwa miezi na ofisi moja hivihivi, barua tatu, kila mara wananipa ruhusa ya kitu ambacho sikukiomba. Siku hizi nawaandikia maneno yote mwenyewe, wao wanabaki kusaini:

"Mimi, mwenye jina na cheo kilichoandikwa hapa chini, nathibitisha kwamba ofisi yetu ndiyo inayomiliki hakimiliki ya picha iliyo kwenye linki hii. Tunakubali kuitoa kwa leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0. Tunaelewa kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha na kuiuza, ili mradi ataje mwenye picha na afuate leseni, na kwamba hatuwezi kuiondoa ruhusa hii baadaye."

Imeili itoke kwenye anwani rasmi ya ofisi, sio ya binafsi ya katibu, iende permissions-commons@wikimedia.org. Huko kuna watu wa kujitolea wanaoitwa VRT wanasoma, wakiridhika wanaweka namba kwenye ukurasa wa faili. Wakati unasubiri, weka kigezo cha Permission pending kwenye faili ili lisifutwe chapuchapu. Na ujibu mpaka mwisho, manake wakiuliza swali ofisi isijibu, basi.

Lakini kabla hujahangaika na barua, jiulize kama huwezi kuipiga mwenyewe. Waziri akija kwenye mkutano wa hadhara, simu yako inatosha. Itakuwa imepinda kidogo, maikrofoni imemkata kidevu, lakini ni yako, unaitolea leseni hapohapo, hakuna wa kukuuliza.

Hatua ya 7: sasa pakia

Ingia Commons, fungua Upload Wizard. Ikikuuliza kama ni kazi yako mwenyewe, sema hapana. Naandika hili kwa herufi ndogo ila fikiria ni kubwa: kudaunlodi sio kutunga, kukata kingo sio kutunga, kuongeza mwanga sio kutunga, skrinshoti ndo kabisa.

Chanzo, weka linki ya ukurasa ambao picha na maelezo yake vinaonekana, sio linki inayofungua picha tupu, kwa sababu picha tupu haithibitishi chochote. Mtunzi, jina la mpiga picha na ofisi yake. Kama ofisi haitaji jina, andika ofisi, lakini "Serikali" au "intaneti" au "Google" usiandike hata kwa utani. Tarehe ni ya kupigwa, sio ya kupakia. Leseni, tumia kigezo mahususi kuliko vyote: PD-USGov ni ya jumla, kuna PD-USGov-NASA, PD-USGov-Military-Navy na ndugu zake, kuna OGL3 kwa Uingereza. Mahususi kinamwonyesha anayekagua kwamba unajua unachofanya, na wakaguzi ni binadamu, wanakuamini zaidi.

Jina la faili lieleweke, sio IMG na namba. Jamii (category, makundi ya mada ambayo faili linapangwa) weka mbili tatu. Pakia ukubwa mkubwa uliopo. Ukitaka kukata, pakia kwanza ya asili nzima halafu iliyokatwa kama faili lingine, na uziunganishe kwa linki. Kama kuna nembo ya NASA, alama ya jeshi au sura ya mtu aliye hai, jua kuna sheria nyingine nje ya hakimiliki zinazozuia matumizi fulani, kwa mfano kufanya ionekane kama NASA wanaunga mkono bidhaa yako. Hizo hazizuii kupakia, kuna vigezo vya onyo unavyoongeza chini ya leseni.

Hatua ya 8: wakikubandika alama ya kufuta

Usipaniki na usitukane. Soma alama inasema nini. Kama ni chanzo au ruhusa haijakamilika, kwa kawaida una siku saba, ongeza kinachokosekana. Kama ni ombi la kujadili, nenda kwenye mjadala ueleze ukiwa na linki: huyu ndo mpiga picha, hii ndo ajira yake, hiki ndo kifungu. "Mbona picha ya fulani haijafutwa" sio hoja, na mara nyingi matokeo yake ni kwamba na ya fulani inafutwa.

Ikifutwa, usiipakie tena kwa jina jipya, unaweza kufungiwa akaunti. Kuna ukurasa wa kuomba irudishwe, peleka ushahidi mpya huko. Mafaili yaliyofutwa hayapotei kabisa, wakabidhi, yaani wasimamizi wa tovuti, bado wanayaona, na kama tatizo lilikuwa muda wa hakimiliki tu, mjadala uliofungwa unawekwa kwenye jamii ya mwaka ambao ulinzi utaisha, ili mwaka ukifika mtu aifufue. Ukiona faili lako limefutwa kwa sababu ya miaka na hakuna aliyeweka jamii hiyo, omba iwekwe. Ni mstari mmoja tu, Undelete in halafu mwaka. Kwa ile picha yetu ya 1950 ingekuwa 2046.